Koti Lako la Kukamulia

Mama,

Kairu ameachilia maziwa leo asubuhi, na badala ya kufurahi nimekaa hapa jikoni nakuandikia. Wacha nikueleze.

Tangu tukuzike, huyo ng'ombe wako alikataa katakata. Nilimkamua vile ulinifundisha, maji ya moto kwenye kiwele, mafuta, polepole, na bado yalitoka matone tu. Daktari wa ng'ombe alikuja kutoka Kangari, akampapasa, akasema maziwa yamo ila ng'ombe ameyaficha. Ati akishikwa na mtu asiyemzoea anaingiwa na hofu, na hofu inazuia maziwa kushuka. Yakikaa sana humo, kiwele kitaharibika.

Na Wanjiku je? Uliniachia mtoto hata kitovu hakijapona. Majirani walituletea maziwa siku za matanga, halafu kila mtu akarudi kwa yake. Nilimpa uji mwepesi akatapika. Nilikuwa naweka sikio kifuani kwake kila mara, kuhakikisha anapumua.

Tata Wambui, dadake Baba, alishafua nguo zako zote ndio zigawanywe zikiwa safi. Aki nilikasirika. Bahati nzuri hakuona lile koti kuukuu la kukamulia, lililoning'inia kwa msumari kule zizini. Nikalivaa. Kwapani lilikuwa bado na jasho lako, na kwenye kola mafuta yako ya nywele. Kairu alininusa kutoka kiganja mpaka bega, akashusha pumzi, na maziwa yakaja. Nililia juu ya ndoo. Ungekuwepo ungesema, "Usinitilie chumvi kwa maziwa."

Tangu hapo nililichunga koti kama yai. Kila asubuhi nililinusa mimi kwanza kabla ya ng'ombe. Lakini hii mvua ya El Niño haiishi, kila kitu kinanuka unyevu, na kila siku wewe ulikuwa unapungua humo ndani na mimi naongezeka. Niliacha hata kukimbia mlimani nisilitie jasho langu. Baba aliniuliza kama niko sawa kichwani. Nilijua tu siku moja harufu itaisha, Kairu afunge tena, na mtoto anifie mikononi.

Leo Wanjiku alilia sana, nikatoka mbio, nikakaa, nikakamua. Ndoo ilikuwa imefika nusu ndipo nikaona nimevaa sweta yangu ya shule. Kairu hata hakugeuka. Alikuwa anacheua tu.

Kwa hivyo mtoto atakunywa, usiwe na wasiwasi hapo. Wasiwasi niko nao mimi. Ng'ombe alikujua miaka hiyo yote, na amezoea kuwa haupo hata kabla mvua iishe. Jana nilijaribu kukumbuka sauti yako ukiita kuku, nikaikosa. Naogopa, Mama. Naogopa sana.

Harufu imebaki kidogo, kwapa la kushoto. Baada ya kukamua nimemfunga Wanjiku ndani ya koti, pua yake ikielekea hapo. Ametafuta-tafuta kwa mdomo, akakunja uso kidogo, halafu akatulia. Amelala sasa hivi ninapoandika.

Kaa salama huko uliko. Koti halitafuliwa, hilo nitapigana na Tata. Na nakuahidi, hiyo iliyobaki sitainusa tena mimi. Mimi nilikupata. Hiyo ni yake.

Wako,
Nyokabi