Chumba cha Wageni

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai hujambo, na goti la shemeji limepata nafuu. Mimi mzima, ila dari ya jikoni inavuja tena.

Jana nikiwa nakunywa chai, mwalimu mpya aliingia na mkewe kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Afisa nyumba wa baraza lako alibaki mlangoni, akiona aibu kidogo.

"Mzee, hii ni nyumba ya kazi," akasema. "Umestaafu, nyumba inarudi."

"Na mwenyekiti wenu je? Muda wake si uliisha mwaka jana?"

Akacheka. "Huyo ni mdogo wako, mzee. Muulize mwenyewe."

Basi nakuuliza. Nilipokuwa nakufundisha kusoma nilikueleza tofauti ya kupewa na kukabidhiwa: ulichokabidhiwa kina siku ya kukirudisha. Mimi nilielewa, ndiyo maana sikubishana na yule afisa, ingawa mke wangu alifia katika chumba walichokuwa wanapima. Wewe uliitisha kikao kimoja, mkabadilisha kanuni, ukajiongezea muda. Kisha kwa mkono uleule ukatia saini nihame.

Sikuombi uifute. Vitabu nimeshafunga, kitanda nimekifungua. Jumamosi nakuja kwako. Mwambie shemeji anitandikie chumba cha wageni. Na ukitaka kujua nitakaa mpaka lini, usijisumbue. Nitaitisha kikao humo chumbani, mimi peke yangu, nami nitajiongezea muda.

Ni mimi kaka yako,
mkazi wa hapa mpaka Ijumaa.