Gari la Fundi Saa

Ndugu yangu, nimeachana na Fundi Saa sasa hivi, mbavu zinaniuma kwa kicheko.

Unamjua alivyo: hana leseni tena, hana macho ya kuonea mbali, na tangu mwezi uliopita hana hata gari. Mwanawe wa kiume alimwambia liko gereji.

Leo binti yake kamwitia gari kwa simu. "Baba, siku hizi nani anahangaika kumiliki gari? Unabonyeza tu, linakuja."

Likaja, jekundu. Lake lilikuwa jeupe. Tukapanda, akatazama saa ya pale mbele. Imetangulia dakika saba! Dakika saba, ndugu yangu! Ni yeye aliyeiweka hivyo kwenye gari lake, asichelewe kazini.

"Dereva, gari hili la nani?"

"La bosi wangu, mzee." Akataja jina la yule mwana wa Fundi Saa!

Nilidhani atapasuka. Wapi! Akachomoa karatasi na bahasha yake ya kutilia saa za wateja, akaandika:

"Mwanangu, gari nimelikuta huko gereji. Rangi nimeipenda. Kuanzia kesho, saa mbili kamili, linichukue mimi kwanza, nikae nyuma kama waziri. Saa usiiguse."

Akaitia karatasi ndani, akailamba bahasha, akaifunga, akamkabidhi dereva. "Mpelekee bosi wako. Na uendeshe polepole, gari la watu hilo."