Volti Tisa

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako. Sisi tu wazima, ila magoti yangu siku hizi hunitangazia mvua kabla haijanyesha. Nawe je, kifua kimetulia? Mkeo aliniambia kwenye simu kwamba harufu ya rangi inakusumbua, na kwamba hutaki kuacha kupaka nyumba za watu. Neno hilo limenikaa moyoni. Ukisoma utajua kwa nini.

Huku ugenini, mwaka wa arobaini na moja sasa, bado nakaa kibandani kwangu nikifunga redio za magari. Macho yamechoka, vidole bado. Mwezi uliopita alikuja dereva wa teksi, binti mwenye ulimi mkali, akilalamika kwamba fundi mmoja wa mtaa wa pili amemuuzia amplifaya mbovu. Alisema ukiongeza besi kidogo tu inakohoa kama mzee mvuta tumbaku, kisha akanitazama mvi, akaniomba radhi. Alikuwa amekwisha kumwita yule fundi tapeli mbele ya wateja wake.

Nikapima betri, injini ikiunguruma: volti kumi na nne na kidogo. Nzima. Nikamwomba afungulie muziki kwa nguvu, nikahamishia mita ya kupimia volti nyuma, chini ya kiti, pale nyaya zinapoingia kwenye amplifaya yenyewe. Kumi. Kila besi ilipogonga, tisa na nusu. Nikamweleza kwamba amplifaya ya aina ile hufanya kazi kwa kile inachopewa. Ukiinyima theluthi ya volti, nguvu yake hushuka chini ya nusu, mawimbi ya sauti kubwa hukatwa vilele vyake, na sikio husikia mkwaruzo. Waya alikuwa ameutandaza kaka wa yule binti, mwembamba kama wa taa ya mezani, na volti zilikuwa zikipotelea njiani. Nikaweka mnene. Ikaimba.

Binti akauliza sasa yule fundi aliyemtukana akamwambie nini. Nikamjibu amweleze alichokiona kwenye mita. Akaenda palepale. Aliporudi alisema fundi hakukasirika, ila alimuuliza jambo moja: wale waliokuwa dukani siku ile, yeye binti atawapata wapi awaambie?

Tangu hapo sina raha.

Unakumbuka utaratibu wa baba pale karakana: anayeunda hafungi, anayefunga haundi, na kazi ya mwenzako huigusi. Wewe uliunda, mimi nikafunga. Miezi mitano ulikaa na amplifaya yako ya kwanza, ya gari la matangazo la yule mfanyabiashara tuliyemwita Bwana Kishindo. Juu ya meza iliimba mpaka majirani wakasogea mlangoni. Ndani ya gari ikakwaruza, mbele ya baba, mbele ya Kishindo na nusu ya mtaa. Kishindo akasema kumbe ameuziwa chura. Watu wakacheka. Baba akaniuliza umeme ukoje; nikapima kwenye betri, nikasema umeme mzima. Basi akakuambia uweke chini pasi ya kulehemu na usiishike tena; ndipo ukashika brashi ya rangi. Ulikuwa na miaka kumi na tisa.

Mpaka hapo ungeweza kusema kaka alipitiwa. Asubuhi ile nilipitiwa kweli. Lakini mchana, wewe umeshaondoka, nilipima tena, safari hii kwenye amplifaya yako, muziki ukipigwa. Volti tisa. Waya mnene ulikuwa umeniishia, nami nilikuwa nimeunga vipande viwili vyembamba chini ya zulia. Ningemwita baba, alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Badala yake niliing'oa amplifaya yako, nikafunga ya dukani, na kwa kazi hiyohiyo nikabadilisha waya bila kumwambia mtu. Ya dukani ikaimba. Baba akanipigapiga bega mbele ya wote, na huo ukawa ushahidi dhidi yako. Ulikuwa umeanza kunipita, mdogo wangu, na niliitaka karakana. Nayo haikudumu mikononi mwangu hata miaka miwili kabla vurugu hazijatutawanya. Baba amekufa akiamini nilichomwonyesha.

Usiniandikie kwamba yamepita. Baba simpati tena, wala mtaa ule. Lakini wapo walioisikia habari ile kwako: mkeo na watoto wamezoea kisa cha chura, wewe mwenyewe huwasimulia ili wacheke, nami nimekaa upande wa pili wa simu nikicheka nao. Hao wanapatikana. Nakuomba uwaite wote, uwasomee barua hii kwa sauti, bila kuruka lolote kwa ajili ya kunisitiri. Wajue kwamba baba yao alikuwa fundi, na kwamba kazi yake ilikuwa safi.

Nisalimie shemeji na wanangu mmoja mmoja. Ila salamu hizi wape ukishamaliza kusoma, kama bado watazipokea.

Ni mimi,
kaka yako.