Haya Niliyomjibu Baba

Ipagala, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na bibi mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua yupo hapo kitandani anauliza nani ameandika. Mguu wake unaendeleaje? Bado unavimba jioni, au ile dawa ya kuchua imemsaidia? Na Daudi siku hizi anaamka mwenyewe kwenda shule, au mpaka umvute shuka? Mimi na baba tu wazima, ila midomo yangu imepasuka kwa upepo wa huku na miguu imepauka kama ya mjusi. Mafuta ninapaka, hayasaidii.

Barua hii nampa dada Rehema, jirani yetu, ambaye anakuja Dar kwa treni kumwuguza shangazi yake. Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Lakini simu ni ya baba, na ninapoongea na wewe yeye anakaa palepale anatabasamu, na maneno yananikauka mdomoni. Unaniuliza kama ni pazuri, nasema pazuri. Unaniuliza kama mje, natazama chini, na wewe kwenye simu huwezi kuona kwamba nimetazama chini.

Siku naondoka ulinishika bega mlangoni ukasema, "Wewe ndiye macho yangu. Ukisema tuje, tutakuja. Ukisema tusije, hatuji." Mama, tangu nifike nimekuwa natazama tu. Nimetazama mpaka nimechoka, na bado sijui niseme nini.

Ni pazuri kweli. Mtaa wetu una barabara pana na nyumba zimeachana, mtu hasikii ugomvi wa mwenzake. Jioni ninamsikia jirani akikoroga chai. Nguo zinakauka kabla sijamaliza kuanika ya mwisho. Lakini maji yanakuja kwa mgao na yana chumvichumvi, na mchana upepo unaleta vumbi jekundu mpaka chini ya godoro. Halafu kuna huu ukimya. Kule Mbagala nilikuwa naulalamikia muziki wa baa, sasa nautafuta.

Ile kazi uliyoniagiza, ya kuangalia biashara, niliifanya nusu. Nilikwenda karibu na maofisi wanapouza chakula. Kina mama wanauza wali maharage na chapati, watu wa ofisini wanatoka wote kwa mpigo, wanakula, wanarudi, panabaki kimya. Mihogo ya kukaanga sikuiona. Nilimsogelea mama mmoja nimuulize kama watu wa huku wangeila mihogo yenye pilipili kama yako. Akaniuliza, "Nikupe nini, mwanangu?" Nikanunua chapati. Kwa hiyo hata hapo sina jibu.

Lakini baba, mama. Baba wa huku mimi sikuwa namjua. Nyumbani tulimzoea mtu wa kurudi giza limeshaingia, anakula, analala, asubuhi ameondoka na gari la bosi kwenda Mbeya au Mwanza. Tangu ofisi yao ihamie huku, anarudi jua bado lipo. Anakaa nje kwenye kigoda na mzee wa nyumba ya pili, wanaongea Kigogo, anacheka mpaka anajipiga mapaja. Sikuwa najua kwamba baba ana vichekesho. Mlenda ninaompikia unashikana vibaya, najua, lakini anakula wote na kusema mume wangu atafurahi siku moja. Ninafurahi kumwona hivyo, halafu nakukumbuka wewe unavyomnyanyua bibi peke yako kwenda bafuni, furaha inanitoka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Jioni moja nilikuwa nachambua mchele, baba akaja akasimama mbele yangu. Akasema, "Nimefikiri, mwezi ujao niwaambie nyumbani Mvumi kwamba mama yako anahamia huku. Au wewe unaonaje?"

Nikamjibu, "Haya, baba."

Wewe unaijua haya yangu. Ukinituma dukani nikasema haya, huwa unaniuliza tena, "Haya nini, unakwenda au huendi?" Unajua kwamba haya yangu ni kusema nimesikia, nipe nafasi nifikiri. Baba hajui. Alikuwa safarini siku zote, nani angemfundisha? Akasema, "Nilijua mama yako ameshakwambia kwamba yuko tayari." Akaenda zake anapiga mluzi. Mimi nikabaki na ungo mapajani.

Kesho yake nilijikaza. Nilipomletea maji ya kunawa nikasema, "Baba, ile haya ya jana." Akasema, "Ipi?" Uso wake ulikuwa umekunjuka vizuri sana, mama. Nikasema, "Hamna." Hakusubiri mwezi ujao. Jumapili ya wiki ileile akanipeleka Mvumi.

Bibi wa Mvumi alitupokea kwa mbukwenyi yake, salamu ya Kigogo, akanishika kidevu kama kawaida. Nilikuta ametoa mahindi yote kwenye kile chumba cha pembeni, amekipiga udongo mpya sakafuni, kwa ajili yenu. Anasema nyumba ya mjini ni ya kulala, ila mkwe lazima awe na mahali pake pa kufikia. Baba mdogo ametenga beberu. Amekwisha kuwaambia watu wa kanisani. Wote walikuwa wamekaa kwenye mkeka, na baba akasema mbele yao, "Nyemo ndiye aliyeniletea jibu la mama yake."

Bibi akanigeukia. "Amesema kwa moyo wake, au kwa ajili ya mume?"

Ilikuwa nafasi yangu, mama. Aliuliza kwa upole, na alitaka jibu kweli. Nilifungua mdomo. Nikaona wote wananitazama, nikainama nikaanza kuchora chini kwa kidole.

Baba mdogo akacheka, "Muache, mama. Huyu ana haya mbili, moja ya uso na moja ya kukubali. Leo ametupa zote." Wakapiga vigelegele. Bibi peke yake hakupiga. Alinitazama kidogo, halafu akaenda kuangalia moto.

Baada ya siku hiyo baba alinunua karai kubwa. Lako, la kukaangia mihogo. Amelitundika jikoni ukutani, na kila mgeni anaonyeshwa.

Ningependa nikwambie njoo. Lakini nikijiuliza kwa nini, naona ni kwa sababu mimi nakukosa, na hiyo si sababu ya kumtoa bibi kwenye nyumba aliyosema hatoki mpaka atolewe. Nikitaka kukwambia usije, naona kigoda cha baba na lile karai. Kila upande ninaogeukia kuna mtu wangu. Wanafunzi wenzangu wanaomba matokeo yatoke. Mimi naomba mtu mkubwa aje aniambie kwamba jambo hili halikuwa la kuniuliza mimi.

Msalimie sana bibi, lakini usimsomee habari za chumba cha Mvumi. Msalimie Daudi, mwambie panya wa huku wana mikia ya manyoya na wanapanda miti. Msalimie mjomba fundi cherehani, na mama mwenye nyumba, na yule dada wa genge aliyenipa kanga ya safari.

Dada Rehema yuko mlangoni ameshika begi, kwa hiyo naandika haraka lile ambalo nimekuwa nalikwepa tangu mwanzo. Jumapili ijayo, baada ya ibada, tunakwenda tena Mvumi. Baba hakukwambia makusudi. Anasema mke anakaribishwa na wakwe, si na mume. Atakupigia kutoka kwenye mkeka na ataweka spika ili wote wakusikie, na bibi wa Mvumi ndiye atakayesema karibu. Watakuwa wamekwisha kuchinja. Mimi nitakuwa nimekaa katikati yao, na hata ukiniita jina sitaweza kukusaidia neno moja. Nakuomba uwe umeamua kabla simu haijaita. Ukisema hapana, useme kwa bibi huyo, polepole, yeye atakuelewa. Baba usimwambie kwamba lilikuwa kosa langu. Au mwambie. Sijui, mama.

Ni mimi mwanao,
Nyemo