Wimbo wa Jumapili Ufukweni Baraka

Mama mpendwa,

Salamu kutoka Baraka, kwenye jua linalokausha samaki na mimi pamoja nao.

Ulinituma nimsaidie Babu yetu Padri kunakili nyimbo anazotafsiri kwa Kibembe. Hukuniambia kwamba kila mstari lazima uimbwe kwanza ufukweni, mbele ya bamama wanaogeuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, juani. Wakiupokea na kuishiwa pumzi katikati, Babu anaukata. Wimbo wa Jumapili hii nimeshaunakili upya mara tano! Leo sauti ya Babu imekauka, akanisukuma mbele niimbe mimi, ambaye hata darasani sijibu.

"We mutoto, unaimba ao unanong'oneza samaki?" mama mmoja akauliza. Wote wakacheka. Nilikasirika hadi nikapaza sauti, beti zote tatu. Wakaupokea huku mikono ikigeuza ndagala, na hakuna aliyeishiwa pumzi.

Nikamgeukia Babu. Alikuwa anafuta machozi, kalamu mkononi.

"Muzuri sana, mwanangu," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Sasa tuongeze ubeti wa ine."

Niombee uvumilivu, Mama, na unitumie daftari. Nawakumbatia wote nyumbani.

Mwanao,
Neema