Cheti cha Solange

Butembo, siku ya 14 mwezi wa tano, 2002

Mpendwa Yaya Esdras, kaka yangu mukubwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huko Bujumbura uko muzima? Na ule mugongo wako, umepona? Sisi Mungu anatulinda. Mama anatembea vizuri tangu mvua ilipunguka. Njia ya Kirumba vita inaifunga na kuifungua, donc siku zingine maharagi inafika, zingine hapana.

Yaya, nakuletea habari ya binti yangu Solange. Mpaka leo nashangaa.

Unajua vita ilimukatia njia ya université. Alijifundisha mwenyewe kuandika programu za ordinateur, yaani kompyuta, kwenye bureau ya parokia, katika bitabu bya zamani. Mwaka jana akapata kazi Beni, kwa batu wanaotafutia batoto waliopotea wazazi wao. Kazi yake ilikuwa kupiga majina tu. Akaona mashine inakosa batu: mama akitafuta Kambale, na mutoto aliandikwa Kambere, mashine inajibu hapana.

Akamuambia chef wake wa kazi, Bwana Valère, kwamba anaweza kuandika programu ya kupatanisha majina yanayosikika sawa. Valère akauliza, “Umesomea wapi? Batoto elfu mbili, siwezi kuwaweka mukononi mwa mutu asiye na karatasi.”

Solange hakukasirika. Aliniambia, “Mama, hata mimi ningeuliza.”

Akapita Kasindi mpaka Kampala, kufanya mutihani ya wenye kuandika programu. Mara ya kwanza alianguka kwa sababu ya Kiingereza. Miezi tatu alisoma dictionnaire akisonga bugali. Mara ya pili akapita, akarudi na cheti ndani ya plastiki, chini ya kikwembe alichojifunga, basoda wenye bunduki njiani wasimunyanganye.

Valère alisoma cheti akisimama, kisha akamutolea kiti chake. “Ikala.” Solange anasema mutihani ilimuongezea kidogo tu, programu alikuwa nayo kichwani. Lakini bila cheti hakuna mutu angemufungulia ile mashine. Leo mashine zote ziko chini yake, na bureau ya Bunia inamuita akafundishe wengine.

Juma iliyopita nilikuwa naye Beni. Mama mumoja wa Luofu, Rébecca, alikuja kutafuta mutoto wake Kambale, miaka tatu hamuoni. Solange akapiga jina. Mashine ikaleta Kambere, miaka saba, iko Manguredjipa, alama ya moto kwenye mukono wa kushoto.

Rébecca akauliza polepole, “Nani aliiambia mashine habari ya ule mukono?”

“Mutoto mwenyewe, mama. Yuko muzima.”

Yaya, ni mimi nilizaa Solange, na saa ile nilishindwa kumuangalia usoni kwa heshima.

Jana mutoto alifika hapa Butembo, kwenye bureau ya parokia, Rébecca akimungojea. Alimupita mama yake mulangoni, hakumujua tena. Rébecca akamuita na jina la nyumbani, pole tu. Mutoto akasimama, akageuka.

Umusalimie muke wako Jeannine, na shangazi Sophie. Mama anakubariki kwa mikono yote miwili. Mungu akufunike wewe na nyumba yako.

Ni mimi dada yako, akupendaye siku zote,
Emérence