Madaftari ya Mwalimu Anahit

Johannesburg, 2018

Mwalimu,

Jumanne imetimia miezi miwili tangu tukuzike. Mimi bado niko getini, zamu ya mchana, jengo letu lilelile la Braamfontein. Bomba la ghorofa ya tatu limetengenezwa. Flati yako imepata mtu, kijana wa chuo. Sijalia, Mwalimu. Nakula, nalala, nasainisha wageni kitabu. Ndiyo hivyo tu.

Sona, binti yako, alikuja kutoka Ufaransa kufungasha vitu. Tuliongea Kifaransa. Nilimkuta anatia madaftari yako kwenye mifuko ya taka, yote, hadithi zako za miaka arobaini. Akaniambia Kiarmenia anakisikia vizuri, ila herufi zake hakuwahi kuzijua. Wewe umefundisha watoto wa watu herufi hizo tangu Beirut, wa kwako akakukimbia darasani. Sikumlaumu. Wanangu nawaita kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kizulu.

Nikamwambia, dada, ngoja kwanza, mimi nazijua. Akanitazama: mlinzi, tena Mkongomani wa Uvira. Nikamweleza ulivyonifundisha herufi macho yako yalipofifia, ili saa ya chakula nikusomee ulichoandika, nawe unisahihishie. Nikiuliza maana, unasema, "Wewe soma tu, Bahati."

Tukakaa sakafuni. Mimi natamka nisichokielewa, yeye anaelewa asichoweza kusoma. Alicheka, akaanza kuyatoa madaftari mifukoni, moja moja. Katika lile la mwisho, ambalo hukuwahi kunipa nikusomee, nikakuta jina langu. Nikamuuliza Sona maana yake.

"Ameandika: Bahati haelewi hata neno moja, lakini hajawahi kuruka mstari."

Eish, Mwalimu. Niliruka. Siku nilizounganisha zamu mbili nilikuwa naruka, mistari miwili, hata mitatu, nawe unaitikia kwa kichwa. Ulijua? Sona sikumwambia. Nakuambia wewe, na ndiyo mara ya kwanza kifua kinauma tangu uondoke.

Madaftari ameniachia mimi. Yako kwangu Rosettenville, juu ya kabati, na kila Jumapili namsomea kwenye simu, yeye kule anasikiliza na kuandika kwa Kifaransa.

Pumzika, Mwalimu wangu. Nimeanza upya, daftari la kwanza, ukurasa wa kwanza. Naweka kidole chini ya kila mstari. Safari hii siruki.

Bahati